Mwekundu kwa Tumbo, Mweupe kwa Macho

Chumba cha uani, bondeni
3 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Naomba usinikasirikie kabla hujafika mwisho wa barua. Miche yote uliyonipa imekufa.

Niliipanga kwenye makopo ukutani, upande wa jua, kama tunavyofanya nyumbani ambako jua tunalibembeleza litoke. Hapa jua halibembelezwi. Niliporudi kutoka kazini nilikuta majani yamelala kama mboga iliyokwisha kupikwa. Mama mwenye nyumba alikuwa amebeba beseni la nguo, akacheka mpaka ikabidi aliweke chini. "Mwanangu," akasema, "umepanda au umekaanga?"

Chumba changu kina dirisha moja, nalo linatazama uani: kamba ya nguo, pipa la maji, na karibu na jiwe la kufulia kuna mti wetu wa kikohozi, uleule wenye majani membamba. Hapa unaota bila kubembelezwa, unakunywa maji ya sabuni na kustawi. Nilipouona nilikaribia kuusalimia.

Kazini niko masijala. Ofisi ya maji ina mafaili mengi kuliko maji. Bosi tunamwita Bwana Tai, kwa siri, maana haivui tai hata joto likizidi. Niko kwenye kipindi cha majaribio na akikohoa tu nasimama. Jana alipita nyuma yangu ghafla nikajipiga muhuri kwenye kidole. Hata sasa kidole changu kimeandikwa "Imepokelewa".

Nifanyeje na makopo?

Mwoga wako,
Karani

*

Mlimani
16 Juni

Mwoga wangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa jirani, Fundi Cherehani, kwa kuwa mkono wangu unauma kwa baridi. Maneno ni yangu. Akichomeka lake nitajua.

(Sichomeki kitu. Fundi.)

Unaona? Sasa sikiliza. Miche haikufa kwa jua, ilikufa kwa papara. Yaweke makopo chini ya kamba ya nguo. Shuka za mama mwenye nyumba zitakupa kivuli kinachocheza, na matone yake yatakusaidia kumwagilia. Mwagilia alfajiri, usimwagilie mchana, utaichemsha mizizi. Na ukiona jani limelegea usikimbilie kopo la maji. Wewe tangu utoto kila kitu kikilegea unakimbia.

Huku sakitu, ile barafu ya alfajiri, imeanguka. Asubuhi nilitoka nje nikasikia majani yakivunjika chini ya miguu kama biskuti. Mti wa kikohozi umeungua wote. Fundi anasema umekuwa mweusi mpaka shinani. Na kifua changu kimeshajua kwamba mti haupo, kinakoroma makusudi.

Kwa hiyo nitumie vijiti vya huo wa kwenye jiwe la kufulia. Unene wa penseli. Kata chini ya kifundo. Acha majani ya juu tu, na kila jani likate nusu, lisije likanywa maji yote ya kijiti kabla hakijapata mizizi. Funga kwa gazeti bichi, mpe Breki, yule dereva wa lori la viazi. Na ukipata cha maua kizuri niwekee, nimechoka kukaa na kabichi.

Nyuzi usisahau. Mwekundu kwa tumbo, wa kuliwa na kunywewa; mweupe kwa macho, wa kutazamwa tu. Bibi yako hakuwahi kuandika jina la mmea hata siku moja. Alikuwa akisema wino unafutika kwenye gazeti bichi, uzi haufutiki.

Na huyo Bwana Tai, mwangalie usoni. Ni mtu, hali watu.

Shangazi yako

*

Chumba cha uani, bondeni
28 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema na makopo mawili yamechipua. Mama mwenye nyumba ananiita Bwana Shamba mbele ya wageni wake, sijui ananisifu au ananidhihaki.

Kwenye kifurushi utakuta mafungu mawili. La uzi mwekundu ni mti wa kikohozi. La uzi mweupe ni zawadi yangu. Langoni kwa ofisi kuna kichaka kirefu chenye maua ya rangi ya waridi, kinachanua hata vumbi linapokifunika. Sijui jina lake. Mlinzi naye hajui, anasema alikikuta. Nilikata matawi wakati wa chakula cha mchana, nikayaficha kwenye faili tupu, na nilipopita mlangoni kwa Bwana Tai moyo ulinipiga hadi masikioni. Sikuomba ruhusa. Ningeomba angeniuliza sababu, na mimi nikiulizwa sababu ya jambo lolote ninaonekana mwizi.

Majani yote nimeyakata nusu kama ulivyonifundisha. Yalipokwisha kukatwa yalifanana kama ndugu wa tumbo moja, nikashukuru kwa ule uzi. Niliununua dukani hapa jirani, mwekundu wa kung'aa. Nimeyalaza yote kwenye gazeti moja lililoloa vizuri, maana njia ni ndefu na Breki, kinyume cha jina lake, hasimami popote.

Mkono unaendeleaje? Fundi, kama unasoma hii kwa sauti, shikamoo na wewe.

Mwoga wako,
Karani

*

Mlimani
9 Julai

Mwoga wangu,

Marahaba. Kifurushi kimefika kibichi kama kilichofungwa jana. Nimepanda mafungu yote nyuma ya jiko, nimeyafunika magunia usiku.

Majani ulikuwa umeacha mengi, choyo ya mtu mwoga. Nimeyapunguza. Ya uzi mwekundu sikutupa, unanijua, kwangu hakitupwi kitu. Nimeyaanika kwenye ungo juu ya jiko, yakikauka nitakunywa chai yake. Mafua yameniziba pua hata moshi siusikii, na kifua kinapiga filimbi ya refa.

Hebu niambie tena, ule wa maua ni wa rangi gani? Nataka nijue pa kuuhamishia.

Mkono bado. Fundi ana uvumilivu.

Shangazi yako

*

Chumba cha uani, bondeni
17 Julai

Shangazi,

Naruka salamu, unisamehe. Usiguse ule wa uzi mweupe. Usiuguse kabisa.

Nilibakiza kijiti kimoja nikakipanda kwenye kopo langu. Leo asubuhi mama mwenye nyumba alipokiona alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta. Alilitoa kopo kwa koleo, kama mtu aliyebeba kaa la moto. "Nani amekuletea hiki nyumbani kwangu? Hiki ndicho kilichoua mbuzi wa dada yangu! Alikula majani kidogo tu, hata pa kufia hakuchagua!" Nikamwambia ni maua tu. Akasema, "Ndiyo, na nyoka ana ngozi nzuri."

Nikaenda zahanati wakati wa chakula, nikamwonyesha tabibu jani nililolifunga kwenye karatasi. Alisema yote ni sumu, jani, ua, kijiti, hata maji yaliyochemshiwa. Sumu yake inaenda moyoni.

Najua wa uzi mweupe huuli. Najua wewe hukosei. Lakini barua yako ya mwisho imenikosesha usingizi. Uliniuliza rangi ya maua, nami nilikuwa nimekuandikia ni ya waridi. Shangazi, wewe hujawahi kusahau rangi ya ua. Wewe ndiye uliyenigombeza nilipoita zambarau bluu.

Nimepiga simu ya Fundi mpaka kidole kimechoka. Najua huko mpaka apande kilimani apate mtandao, lakini napiga. Tafadhali mwaga ungo wote, hata kama yaliyomo ni ya kikohozi. Kifua kitasubiri.

Lori halipandi mpaka kesho kutwa. Nakaa na barua hii mfukoni.

Mwoga wako,
Karani

*

Mlimani
18 Julai

Kwako Karani,

Hii ni barua yangu mimi Fundi. Shangazi yako hajui kama naiandika, na akijua hatanipa tena hata chumvi. Lakini hali imefika mahali ambapo kunyamaza ni dhambi.

Mkono wake hauna ugonjwa. Ni macho. Ni mtoto wa jicho, na yote mawili sasa yameziba. Anaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu, basi. Anapika kwa kupapasa. Nilikuwa nimeshagundua, lakini juzi ndipo alipokiri, akaniapisha nisikwambie. Alisema, "Yule mtoto akisikia ataacha kazi arudi kunishika mkono, na hiyo kazi ameipata kwa tabu." Anakuita mwoga lakini anakusifia kila anayepita njia.

Sasa sikiliza kilichonifanya niandike. Juzi alianza ile chai yako ya kikohozi. Jioni hiyohiyo alitapika, na tangu hapo hajaamka vizuri. Anasema kichwa kinazunguka. Nimemshika mkono nikasikia mapigo: moyo unapiga, unasahau, halafu unakumbuka tena. Nikafikiri ni mafua yameshuka tumboni. Nampa kikombe kidogo cha chai hiyohiyo asubuhi na jioni apate nguvu, lakini hakikai, anakitapika chote.

Njoo kama unaweza. Kama huwezi, andika tu maneno ya kumpa moyo, nitamsomea.

Fundi

*

Stendi ya malori
19 Julai

Fundi,

Acha hiyo chai. Acha sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma mstari huu. Mwaga, osha kikombe, osha mikono yako.

Barua yako nimepewa na Breki sasa hivi, mimi nikiwa nimekuja kumpa ya kwangu. Naandika juu ya boneti ya lori na injini inawaka. Soma ile nyingine pia, itakueleza. Ninachoogopa ni kwamba mafungu yamebadilishana, na anachokunywa ni kile kichaka cha langoni. Ni sumu ya moyo.

Mteremshe hospitali kwa lori hilihili, Breki amekubali kugeuza bila kupakia viazi. Kwenye bahasha nimeweka tawi la kile kichaka, nilikuwa nimelikata langoni ili mlitambue. Mpe daktari, usimweleze kwa maneno, mwonyeshe. Tawi usilishike kwa mkono mtupu.

Fundi, wewe una macho. Nenda nyuma ya jiko uangalie nyuzi. Mwekundu uko kwenye fungu lipi?

Breki ananiambia, "Panda, dogo, nafasi ipo." Mlango wa lori uko wazi mbele yangu. Mguu mmoja unataka. Lakini sijaomba ruhusa, na aliyekuwa mezani kwangu kabla yangu alifukuzwa kwa kukosa siku moja tu. Nimesimama hapa kama niliyepigwa misumari. Ananipigia honi.

Mwambie naja. Usimwambie. Sijui umwambie nini.

Karani

*

Hospitali, chini ya mlima
24 Julai

Karani,

Shangazi yako yu hai. Nimeanza na hilo.

Breki alitushusha kona zile bila kukanyaga breki, nami nilisali sala zote ninazozijua na nyingine nikazitunga. Daktari alipoona lile tawi kwenye bahasha aliita wenzake wawili. Wamembandika nyaya kifuani na mashine inaandika mapigo yake. Wanasema kutapika ndiko kulikomwokoa, na kwamba kikombe kimoja zaidi kingebaki tumboni tungekuwa tunazungumza mengine. Bado hawajasema amepona. Kila mashine inapochelewa kulia, nami nachelewa kupumua.

Sasa habari ya nyuzi. Nimeangalia. Mafungu yote mawili yana uzi mweupe.

Ule mwekundu ulichuja, Karani. Rangi yote imeingia kwenye gazeti. Gazeti ninalo hapa, limekuwa la waridi upande mmoja kama lililofungiwa nyama. Ule uzi wa dukani kwenu ni wa bei ya chini, mimi ni mshonaji, ningekuambia uuloweke kwanza. Na vijiti vililala pamoja njia nzima, vyote vikanuka mti wa kikohozi, na mwenyewe pua imeziba.

Kwa hiyo hata mwenye macho angekosea. Najua, kwa sababu mwenye macho ndiye aliyekosea. Siku ile ya kupanda alishika mafungu mawili, akaniuliza kwa ile sauti yake ya kuficha, kana kwamba ananipima, "Haya Fundi, mwekundu uko wapi?" Nikaangalia, nikaona nyuzi zote mbili zimepauka. Mmoja nilidhani una uwekundu kidogo. Sikutaka aone kwamba nimegundua hawezi kuchagua mwenyewe. Sikutaka kumtia aibu. Nikasema, "Huu hapa." Nikasema kwa uhakika kabisa.

Kisha nikampa chai kwa mkono wangu, asubuhi na jioni.

Amepata fahamu na jambo la kwanza alilosema ni kwamba usije. Anasema kazi ni mche, ukiung'oa kabla haujashika hauoti tena. Nimekufikishia kama alivyosema.

Fundi

*

Chumba cha uani, bondeni
27 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Fundi atakusomea hii, na safari hii hatuna haja ya kudanganyana kuhusu mkono.

Fundi, soma na hili kwa sauti: hukumpa sumu wewe. Nilimpa mimi, nikaifunga vizuri kwa gazeti bichi. Tugawane mzigo huu, peke yangu siuwezi na peke yako huuwezi.

Nilikwenda kwa Bwana Tai. Nilikuwa nimeandika nitakayosema kwenye kiganja, jasho likafuta. Nikamwambia yote. Kwamba nilikata kichaka cha ofisi bila ruhusa, kwamba nilimtumia shangazi yangu, kwamba yuko hospitali, kwamba naomba ruhusa na kama haiwezekani basi anifukuze ila anifukuze haraka nikawahi lori. Alikuwa na kijiti mdomoni. Kila siku baada ya chakula huchokoa meno, sote tunajua.

"Kichaka kipi?" akauliza.

"Cha langoni, mzee. Chenye maua."

Akakitoa kijiti mdomoni taratibu. Akakitazama. Shangazi, sijawahi kuona mtu mzima akibadilika rangi akiwa amekaa. "Hiki," akasema, "nimekivunja palepale." Ndiyo, alikuwa akivunja vijiti vyake hapohapo, asubuhi akiingia. Akafungua tai. Mbele yangu! Akanywa maji ya mtungi wote, akaniuliza huku ananong'ona, "Shangazi yako alianza kujisikia vipi?" Tulikwenda zahanati pamoja, tumekaa benchi moja kama watoto waliogombana. Tabibu alimwambia ana bahati, hakukitafuna.

Kichaka kimeng'olewa. Ruhusa ninayo, amesaini, na ameniambia kiti changu hakitakaliwa na mtu.

Lakini wewe umesema nisije. Tangu utoto sijawahi kuvunja neno lako hata moja. Begi liko mlangoni, nimelifunga na kulifungua mpaka zipu imegoma. Naogopa kuja nikakuudhi ukiwa na moyo wa kusahausahau. Naogopa kutokuja. Usiku nikifumba macho nasikia honi ya Breki.

Niambie. Neno moja linatosha.

Mwoga wako,
Karani

*

2 Agosti

Mwoga wangu,

Nimemwomba muuguzi karatasi na amenishikisha rula, kila mstari naisogeza chini. Mistari ikigongana utanisamehe. Fundi nimemtoa nje, haya si ya kusomewa na mtu.

Mashine wameiondoa jana. Macho watanifanyia mwezi huu, hapahapa, moja kwanza halafu la pili. Daktari kaniuliza nani atakaa nami. Nikasema sihitaji mtu.

Vile vijiti nyuma ya jiko, Fundi anasema vya kikohozi vimekufa vyote kwa sakitu. Cha maua kimeshika. Kina chipukizi. Alitaka kukichoma nikamkataza. Utaking'oa wewe, na glavu, mimi nikiangalia. Nataka nikione kabla hakijaondoka, nione ni waridi ya namna gani.

Nyuzi basi. Kuanzia sasa tupige mafundo. Fundo moja la tumbo, mawili ya macho. Fundo halichuji, na hata gizani mtu analisoma kwa kidole. Bibi yako hakuliwaza hilo kwa sababu alikuwa na macho mazuri hadi kufa kwake.

Nilikuficha kwa sababu nilikuwa nimekuzoesha kwamba mmoja wetu haogopi. Siku ile nimeshika mafungu mawili mkononi nilijua kwamba sijui. Nilijua kabisa. Ningesema "Fundi, sioni", angekimbia kumwita mtu mwenye kujua. Nikaona aibu, nikauliza kama mwalimu. Na kikombe cha kwanza nilipokiinua, nilikirudisha chini mara mbili, nikajiambia ni moto mno.

Hapa usiku taa haizimwi lakini kwangu ni giza lilelile. Kitanda cha jirani kimenyamaza tangu jana na hakuna anayeniambia kwa nini. Nashika kifua changu nahesabu. Kikisahau, nami nasubiri.

Nilisema usije. Njoo.

Mwoga mwenzio,
Shangazi yako